Mafundo Mawili

Chumba cha nyuma ya duka,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu na mtoto. Mgongo wako unaendeleaje? Najua kazi ya uuguzi ni ya kusimama kutwa, na ulishaambiwa ununue viatu vya soli laini. Nami nakujua, mpaka leo utakuwa umevaa vile vilivyochongoka kwa sababu vinakupendeza. Mwambie wifi avitupe ukiwa umelala. Na baridi ya huko imepungua? Mtoto ameota meno? Picha mliyotuma anaonekana na mashavu ya kutosha watoto wawili. Nimeibandika ukutani juu ya cherehani yangu, pale palipokuwa na kalenda.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Goti langu la kushoto linalalamika nikikanyaga cherehani kwa muda mrefu, lakini halijagoma. Mvua zimekuwa nyingi. Bati linavuja palepale juu ya meza ya kukatia, na nimetega sufuria ileile. Fundi viatu wa barazani kwetu anakusalimu sana. Bado anauliza kama kile kifungo ulichomeza ukiwa mdogo kimeshatoka. Mimi humjibu kwamba tungali tunangoja.

Hayo ndiyo ya kuchekesha. Yaliyobaki hayachekeshi, na nayaandika kwa sababu kwenye simu hukutaka kuyasikiliza. Ulisema mtandao unasumbua. Haya, labda. Lakini mimi nilikuwa nakusikia vizuri, nilikusikia hata ukipumua, kisha ukakata. Karatasi haina mtandao. Utaisoma mpaka mwisho, na ukiiweka chini itakungoja mezani.

Mengine humu unayajua. Nayaandika hata hivyo, moja baada ya jingine, usije ukasema Dada alikuwa amechanganyikiwa na msiba.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akitia alama. Kila nguo ya mteja iliyoingia dukani ilifungwa uzi wa rangi yake, asichanganye suruali ya huyu na ya yule. Nasi watoto akatufanya wateja. Kaka yetu, ambaye tangu anatambaa tunamwita Mkurugenzi kwa kutoa amri, alipewa bluu. Mimi zambarau. Wewe njano, na ulilia kwa sababu ulitaka nyekundu. Shati, begi, kikombe, kila kitu kilikuwa na uzi wa mwenyewe.

Tena unakumbuka mafundo. Umeme ulipokuwa ukikatika alfajiri, tunavaa sare za shule gizani, wewe ukajikuta ndani ya shati langu huku unapiga kelele. Baba akaona rangi peke yake haitoshi. Akaanza kufunga mafundo kwenye ncha ya uzi, kwa jinsi tulivyozaliwa. Wa kwanza fundo moja, wa pili mawili, wa mwisho matatu. Ukawa unatia kidole ndani ya kola na kuhesabu kwa sauti. Mkurugenzi wakati huo alikuwa ameshakwenda shule ya bweni. Na fundo lake lilikuwa moja tu, kama uzi wowote unavyofungwa. Kwa hiyo katika maisha yake yote hakuwahi kujua kwamba kuna mafundo. Nakuomba ulishike hilo, nitalirudia.

Sasa njoo kwenye urithi. Macho ya Baba yalipoanza kuingia ukungu, yule wakili tunayemshonea suti za kijivu alimwambia aandike wosia mapema. Baba hakubisha. Nyumba akasema ni yetu sote watatu sawasawa, asiuze mtu bila wenzake. Lakini kwenye duka na vyombo vya kazi akamshangaza wakili. Wakili alitaka orodha ya kila kitu na jina la mrithi pembeni. Baba akacheka, akasema vyombo vya fundi havikai, leo unacho hiki, kesho umekiuza, kesho kutwa kimevunjika, hawezi kwenda ofisini kila anapobadilisha sindano. Akaamuru iandikwe tu kwamba duka ni la yule ambaye uzi wake uko kwenye ufunguo, na kila chombo ni cha yule ambaye uzi wake umefungwa juu yake. Wakili akang'ang'ania angalau rangi zetu ziandikwe, zikaandikwa. Mafundo hakuyataja mtu. Baba hakuyataja kwa sababu kwake yeye hiyo haikuwa habari. Ndivyo alivyokuwa akifunga uzi, basi.

Na kuhusu duka hakuwa amemficha mtu. Mara ngapi aliniambia mbele ya wateja, "Macho yangu yakifungwa, hapa patafunguliwa na huyu"? Hata wewe ulikuwa ukinitania, ukiniita mwenye mali.

Basi mwaka jana Mkurugenzi akaja nyumbani, tena na maandazi ya dukani, akasema amekuja kumsaidia mzee kupanga mambo yake. Nilifurahi, Kifungo. Nikasema kaka yangu amekua. Asubuhi ile akaniambia bitana nyeusi imekwisha, niende kununua ng'ambo ya mji, na nauli akanipa yeye. Yeye! Mtu ambaye ukimwazima pini anataka shahidi. Hapo pekee ningepaswa kushtuka, lakini nilikwenda huku naimba.

Niliporudi kila kitu kilikuwa kimefungwa uzi. Baba ameketi kwenye kiti chake, amechoka na amefurahi. Akaniambia, "Nimemaliza, mama. Sasa hata nikiondoka hamtagombana." Nikatazama ufunguo wa duka uliotundikwa msumarini. Uzi wa bluu. Cherehani zote mbili, bluu. Meza ya kukatia, bluu. Mkasi mkubwa, bluu. Zambarau yangu ilikuwa kwenye kabati la vioo lisilokuwa na vioo, na kwenye baiskeli ambayo siwezi kuipanda.

Nilikunja bitana, nikaiweka rafuni. Nilijiambia kwamba Baba amenichezea shere maisha yangu yote, kwamba maneno yale mbele ya wateja yalikuwa ya kunipaka mafuta ili nisiache kazi. Nikameza.

Nataka ujue nilivyoishi naye baada ya pale. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimkata kucha, nilimpeleka kliniki nikimshika mkono. Lakini sikumwongelesha. Neno la lazima tu. Yeye aliyezoea kunisikia nikipiga soga kutwa na wateja, akawa ananiuliza, "Mama, mbona umenyamaza?" Nami namjibu nimechoka. Basi akawa ananionea huruma. Akaniambia nipumzike, wateja watangoja. Akafa akidhani binti yake amechoka.

Wosia ulipofunguliwa wewe ulikuwepo kwenye simu ya Baba Mdogo, tumeweka sauti kubwa, ofisini kwa wakili. Tulikupigia na kukuita mara kadhaa mpaka ukasikika. Ulisema huna neno, tufuate nyuzi. Sikukulaumu. Hata mimi nilisema tufuate nyuzi. Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa majonzi, akasema mapenzi ya mzee yaheshimiwe. Laiti ungeuona uso wake. Mkavu kama ubao wa kupigia pasi.

Haikupita muda akaniletea habari kwamba duka atampangisha muuza simu, cherehani ziuzwe, nami nitoe vitu vyangu mwisho wa mwezi. Alisema kwa upole kabisa, huku anapima ukuta kwa macho. Nilipouliza nitashonea wapi, akanijibu nyumbani kwake, sebuleni, kwani wateja wangu si watanifuata? Sebule hiyo ndiyo wanamolala wanawe watatu. Kazi ninayoijua duniani ni hii moja, na wanaonijua wananijua nikiwa kwenye mlango huu.

Nikaanza kufungasha. Siku ile nilikuwa nimebeba majora ya vitambaa mikono yote, kidevu kimeshikilia jora la juu, ufunguo uko mfukoni mwa aproni. Nikaingiza vidole viwili mfukoni kuutafuta, bila kutazama, maana sikuweza kutazama. Vidole vikaushika uzi. Fundo. Halafu fundo jingine.

Majora yaliniponyoka yote, yakajikunjua mpaka barazani. Fundi viatu akadhani nimeanguka.

Nilikwenda kwenye cherehani ya kwanza nikafumba macho. Mawili. Ya pili, mawili. Meza, mkasi, mawili. Nikaenda kwenye kabati langu la zambarau. Moja. Baiskeli, moja. Umeelewa? Rangi inasema Mkurugenzi, mkono wa Baba unasema mimi. Rangi Baba hakuiona, alipewa. Mafundo aliyafunga mwenyewe kwa vidole vyake, na vidole havikuwa na ukungu.

Nilikaa sakafuni katikati ya vile vitambaa nikalia kwa sauti, na sikulilia duka. Nililia kwa sababu Baba hakuwahi kunisaliti. Aliketi pale anatabasamu akidhani amenipa kila alichoniahidi, na mimi nikamnyima hata mazungumzo. Kaka yetu hakunipokonya cherehani tu. Alinipokonya miezi ya mwisho ya baba yangu, na hiyo hakuna wakili atakayeirudisha.

Fundi viatu ndiye aliyenipa maji. Nilipomweleza, akaacha soli aliyokuwa akiigonga. Akasema siku ile alimsikia mzee akiuliza kila mara, "Huu ni wa binti yangu?" na Mkurugenzi akimjibu, "Ndiyo Baba, zambarau hiyo." Hakufikiria lolote. Angefikiria nini? Mtoto anamsaidia baba yake asiyeona.

Nilimfuata Mkurugenzi nyumbani kwake. Kwanza akajitia hamnazo, mafundo gani, yeye hajui mafundo. Hilo nalijua, nikamwambia, hilo ndilo lililokuponza. Akaona nimeng'ang'ana, akabadili wimbo. Akasema, "Hata kama! Wewe ni mwanamke, kesho unaolewa, duka la mzee liende kwa watu?" Kifungo, nina mvi za kutosha kufuma sweta, na bado kaka yangu ananingojea niolewe! Nilicheka, nikashindwa kujizuia, na katika kucheka ndipo roho iliponiuma kweli. Maana hakusema si kweli. Alisema hata kama.

Nikapeleka shauri kwa Baba Mdogo. Alisikiliza, akapapasa ufunguo, akakohoa. Akasema yeye na Baba hawakulelewa nyumba moja, habari za mafundo hazijui. Fundi viatu ni mtu mwema lakini si wa familia, na aliyoyasikia aliyasikia akiwa anagonga nyundo. Akasema kuna mtoto mwingine wa marehemu. Yeye akithibitisha mbele yetu kwamba Baba alifunga mafundo kwa kuzaliwa kwetu, tunarudi wote kwa wakili na mambo yanaanza upya. Asipothibitisha, tutafuata rangi kama ilivyoandikwa. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nikajiambia mwingine ni Kifungo, basi yamekwisha.

Nikakupigia. Nawe ukaniambia, "Dada, hayo mambo ya utotoni, sikumbuki vizuri. Tuyaache yapite."

Hukumbuki vizuri.

Nikukumbushe, basi. Siku unasafiri, mimi na Baba tulikesha na koti lako, yeye anapinda kola, mimi natia bitana. Asubuhi ulilivaa pale mbele ya kioo cha wateja. Mkurugenzi alikuwa nje anabishana na dereva wa teksi juu ya masanduku. Ukatia kidole ndani ya kola, mtu mzima na ndevu zako, ukacheka ukasema, "Tatu. Langu." Baba akakupiga kofi la mgongoni na kuondoka haraka kwenda nyuma, tusione machozi. Hiyo si ya utotoni. Koti hilo naliona kwenye picha mliyotuma, umemfunika nalo mtoto.

Ninajua kwa nini umesahau. Mkurugenzi ndiye aliyekudhamini kwenye karatasi zako za safari, na kila kukicha anakukumbusha. Sikatai, alikusaidia. Mshukuru. Mtumie zawadi, mwite mwanao wa pili jina lake ukitaka. Lakini usimlipe kwa mgongo wangu. Mimi niliyekuvalisha, niliyekuchana nywele, niliyekaa nawe hospitali tukingoja hicho kifungo, sijawahi kukudai hata asante.

Kutoka kwa Mkurugenzi nimeumia, lakini kwake sikuwa nimeweka roho yangu. Kwako niliiweka. Yeye alimdanganya mtu asiyeona. Wewe unaona vizuri na umeamua kufumba. Nimejaribu kutafuta neno la kistaarabu kwa jambo hilo nikashindwa, kwa hiyo naliita jina lake. Umenisaliti, mdogo wangu.

Mwisho wa mwezi Baba Mdogo atatuita sote dukani, na atakupigia simu mbele yetu. Atakuuliza swali moja tu, kama Baba alifunga mafundo kwa kuzaliwa kwetu. Sikufundishi la kusema. Ukisema hukumbuki, nitatoa vitu vyangu siku hiyohiyo, bila kelele, na ufunguo nitamkabidhi Mkurugenzi mbele ya watu. Barua nitaendelea kukuandikia, maana ndugu ni ndugu, lakini zitakuwa za hali ya hewa.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako. Wifi mwambie kipimo cha gauni lake nimekipata, asinenepe kabla sijakata. Mtoto umbusu mashavu yote mawili na umwambie ni ya Shangazi. Baba Mdogo anakusalimu, goti lake na langu sasa yanashindana. Fundi viatu nilishakufikishia. Mkurugenzi hakunituma salamu, lakini nadhani mnaongea. Mungu akulinde kazini, akuponye mgongo, na akupe moyo wa kusema kilicho kweli hata kama aliyekudhamini ameketi anasikiliza.

Kabla hujaikunja barua, tazama ndani ya bahasha. Kuna kipande cha uzi wa njano. Nimekifungua kwenye kioo cha wateja, kile kikubwa, ambacho Baba amekuachia wewe. Alikifunga siku ileile, akiwa hawezi kuona hata mkono wake mwenyewe, na wewe ukiwa mbali, umekaa muda mrefu bila kupiga simu. Usikitazame. Fumba macho kama alivyokuwa amefumba yeye, ukipapase taratibu mpaka kwenye ncha, uone kama alikusahau.

Kisha ukiulizwa, jibu.

Ni mimi nikupendaye hata leo nikiwa na hasira,

Dada yako wa mafundo mawili.